SOMO LA UFUNDI: KUBANDIKA VIGAE KWENYE UKUTA WA BODI ZA JASI



Katika viwanda na mashamba mengi siku hizi kuta za ndani hazijengwi tena kwa matofali peke yake. Zahanati ya kambi ikigawanywa vyumba viwili, ofisi ikiongezwa choo, au kantini ikitengewa pembe ya kuoshea vyombo, husimamishwa fremu ya mbao au ya chuma, kisha fremu hiyo hufungwa bodi za jasi. Kazi ikifika hapo mwenye jengo husema: "Sasa bandikeni vigae." Mara nyingi anayeambiwa hivyo si fundi wa vigae. Ni mfanyakazi wa matengenezo kiwandani, au kibarua wa shamba anayejua kushika mwiko. Naye huifanya kazi hiyo kama alivyoiona ikifanywa kwenye ukuta wa matofali. Miezi michache baadaye vigae huanguka, na gharama yake hukatwa katika mshahara wake.

Somo hili lina makusudi mawili. La kwanza ni kumfundisha mfanyakazi namna ya kuifanya kazi hii ikadumu. La pili ni kumpa sababu ya kila hatua, ili msimamizi akitaka hatua fulani irukwe, mfanyakazi aweze kumjibu kwa hoja badala ya kunyamaza. Ujuzi ni kinga ya mkono na ya mfuko pia.

Tukubaliane kwanza juu ya majina. Vigae tunavyosema hapa ni vile vya ukutani vya udongo uliochomwa. Tanzania wengi huviita marumaru au tailizi, na wenzetu waliozoea Kifaransa huviita karo. Bodi za jasi ndizo wengi wanaziita jipsamu.

1. JASI NI KITU GANI?

Jasi ni jiwe laini linalochimbwa ardhini. Katika Afrika Mashariki huchimbwa, kwa mfano, Makanya katika wilaya ya Same, na Itigi mkoani Singida. Wenzetu wa viwanda vya saruji wanaijua vizuri: huongezwa kidogo wakati wa kusaga ili saruji isigande upesi mno. Tena ni jasi hiyo hiyo inayotumiwa hospitalini kufungia mfupa uliovunjika.

Takriban moja ya tano ya uzito wa jasi ni maji yaliyofungwa ndani ya jiwe lenyewe. Ikichomwa kiasi cha nyuzi 150, sehemu kubwa ya maji hayo hutoka na jasi huwa unga. Unga ukichanganywa na maji huyanywa tena na kugeuka jiwe. Bodi hutengenezwa kwa njia hiyo: rojo la jasi humwagwa kati ya karatasi mbili ngumu, likaganda na kukaushwa. Mmarekani Augustine Sackett alipata hataza ya bodi ya aina hii mwaka 1894.

Mambo mawili yafaa kukumbukwa. Kwanza, jasi yenyewe huvunjika kirahisi. Karatasi ndiyo msuli wa bodi. Ukiichana karatasi, umeukata msuli. Pili, jasi ikikaa katika unyevu hulainika, na karatasi huota ukungu na kubanduka. Kila kanuni ya somo hili inatokana na mambo haya mawili.

2. PIMA UZITO KABLA YA KUNUNUA

Ukuta wa matofali hubeba mzigo mkubwa bila kulalamika, lakini bodi sivyo. Waingereza katika kazi hii huhesabu kwamba bodi tupu ya jasi iliyofungwa vizuri isibebeshwe zaidi ya kilo 32 kwa kila mita ya mraba. Ikiwa bodi imepakwa lipu nyembamba ya jasi, kipimo hushuka mpaka kilo 20, kwa sababu lipu huweza kubanduka kutoka kwenye karatasi. Maana yake ni kwamba ukuta utakaobandikwa vigae usipakwe lipu. Msimamizi akisema, "Pakeni lipu kwanza ili ukuta upendeze," mwelezeni kwamba lipu hiyo itapunguza nguvu ya ukuta na kuongeza gharama, na juu yake hakuna atakayeiona.

Hesabu ni rahisi. Chukua katoni ya vigae, iweke juu ya mizani. Mizani ya kupimia majani ya chai au buni inatosha. Soma kwenye katoni inatosha mita ngapi za mraba. Gawanya uzito kwa mita hizo, kisha ongeza kilo 4 kwa ajili ya gundi na ujazo wa viungo.

Mfano wa kwanza: katoni ya kilo 24 inatosha mita 1.5. Ishirini na nne ukigawanya kwa 1.5 unapata 16. Ongeza 4, jumla kilo 20. Vigae hivi vinafaa kwenye bodi tupu.

Mfano wa pili: mwenye jengo ameleta vipande vya jiwe la asili vyenye unene wa milimita 15. Mita moja ya jiwe la namna hiyo hufika kama kilo 40, bila gundi. Huo ni mzigo usiofaa kwa bodi. Mjulishe kabla katoni hazijafunguliwa, maana zikifunguliwa dukani hawazipokei tena.

3. KUTAYARISHA UKUTA

Vigae haviwezi kuwa imara kuliko ukuta ulio nyuma yake. Kagueni mambo haya:

(a) Nguzo za fremu zisiachane zaidi ya sentimita 40, kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya nyingine. Katikati ya nguzo zipigwe mbao za kukingama. Mbao ziwe zimekauka. Mbao mbichi hujipinda baadaye na kupasua viungo vya vigae.

(b) Bodi iwe ya unene wa milimita 12 au zaidi. Ile ya milimita 9 iliyotengenezwa kwa ajili ya dari hucheza ikisukumwa, na kigae hakipendi ukuta unaocheza. Sukuma kwa kiganja katikati ya nguzo mbili. Ikiyumba, ongeza mbao za kukingama.

(c) Tumieni skrubu, si misumari, moja kila sentimita 20. Kichwa cha skrubu kizame kidogo tu bila kutoboa karatasi. Skrubu iliyotoboa karatasi haishiki kitu. Pigeni nyingine pembeni yake.

(d) Bodi isiguse sakafu. Acheni nafasi ya kama milimita 10 chini. Bodi inayogusa sakafu hunywa maji kila siku watu wanapopiga deki, kama utambi unavyonywa mafuta ya taa.

(e) Upande wenye karatasi nyeupe au ya rangi hafifu ndio wa kubandikia. Upande wa nyuma, wa kahawia, haukutengenezwa kwa kazi hiyo.

(f) Vumbi lifutwe kwa brashi kavu. Ikiwa bodi ilishapakwa rangi, jaribuni kwa kubandika utepe wa gundi na kuuvuta ghafla. Rangi ikitoka na utepe, lazima ikwanguliwe. La sivyo vigae vitashika rangi, na rangi haitashika ukuta.

4. MAHALI PAKAVU NA MAHALI PA MAJI

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Watu huona kigae kinang'aa wakadhani ukuta umezuiliwa maji. Si kweli. Kigae chenyewe hakipitishi maji kwa uso wake, lakini viungo vya saruji kati ya vigae hunyonya maji pole pole. Ukuta wa nyuma ya sinki hurushiwa matone tu, ukafutwa, ukakauka. Lakini ukuta wa bafu, hasa bafu la wafanyakazi arobaini wanaotoka zamu moja, hunyeshewa saa nzima bila kukauka. Kuta hizo mbili hazitendewi sawa.

Kwa mahali pa matone, bodi ya kawaida au ile ya kijani inatosha. Ya kijani imetiwa dawa ya kupunguza kunywa maji. Angalieni neno hilo: kupunguza. Haizuii. Katika Marekani, kanuni ya mfano ya ujenzi wa nyumba ya mwaka 2006 iliiondoa bodi ya kijani katika orodha ya bodi za kubandikia vigae kwenye bafu.

Kwa bafu, njia bora ni kutumia bodi ya saruji badala ya jasi. Ikiwa bodi ya jasi imekwisha kufungwa na haiwezi kuondolewa, ipakwe rangi ya kuzuia maji iliyotengenezwa kwa ajili ya chini ya vigae, mipako miwili, wa pili baada ya wa kwanza kukauka. Pembe zote, viungo vyote vya bodi, na matundu ya mabomba vifunikwe kwanza kwa utepe wake maalumu. Rangi ya mafuta ya kawaida haifai, kwa sababu gundi haiishiki. Bila ulinzi huo, afadhali kazi isifanywe.

5. GUNDI IPI?

Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza huja tayari kwenye ndoo. Hukauka kwa maji yake kutoka, kama rangi inavyokauka. Inafaa vigae vidogo vya udongo mahali pakavu. Lakini vigae vikubwa vigumu visivyonywa maji huyafungia maji ya gundi ndani, nayo hubaki laini kwa majuma. Wala haifai bafuni, kwa kuwa nyingi hulainika tena zikilowa.

Aina ya pili ni unga wa saruji uliochanganywa na dawa za kuifanya inate. Hii haingoji kukauka. Huganda kwa kuungana na maji. Ndiyo ya vigae vizito na mahali pa maji.

Yako mazoea mawili ya ukuta wa matofali ambayo ni lazima tuyaache. Zoea la kwanza ni kuloweka vigae usiku kucha na kuumwagia ukuta maji. Kwenye rojo la saruji tupu ilikuwa sawa, maana ukuta mkavu ungelinyonya maji. Kwenye bodi ya jasi ni kuualika ugonjwa. Vigae viwe vikavu, ukuta uwe mkavu.

Zoea la pili ni kubandika kwa rojo la saruji tupu. Jasi, saruji na maji vikikutana hufanya fuwele nyembamba kama sindano. Fuwele hizo hukua na kukisukuma kigae kutoka nyuma, na siku moja safu nzima huja chini ingawa gundi yenyewe ilikuwa ngumu. Karatasi ya bodi ikiwa nzima husaidia kuvitenganisha. Kwa hiyo kila mahali jasi ilipo wazi, yaani kwenye kingo zilizokatwa, karatasi iliyochanika, na viraka vya lipu ya jasi, pakeni praima inayopendekezwa na mtengenezaji wa gundi, na muiache ikauke kabla ya gundi ya saruji kufika hapo.

6. KUBANDIKA

Anzeni kwa kupanga bila gundi. Pimeni katikati ya ukuta na muone vipande vya pembeni vitatokeaje. Kipande kisipungue nusu ya kigae ikiwezekana. Sakafu mara chache huwa sawa, kwa hiyo msianzie sakafuni. Pigeni ubao mnyoofu kwa pimamaji, kigae kimoja kutoka chini, na safu ya kwanza ikae juu ya ubao huo. Safu ya chini itakatwa na kuwekwa mwisho, ubao ukishaondolewa.

Pakeni gundi kwa upande mnyoofu wa mwiko, mkiibana ukutani. Kisha ipitisheni kwa upande wenye meno, mwiko ukilala kidogo, ili pabaki matuta yaliyonyooka upande mmoja kama matuta ya shamba. Meno ya milimita 6 yanatosha vigae vya kawaida vya ukutani. Vigae vikubwa huhitaji meno makubwa zaidi. Pakeni eneo dogo, lisilozidi mita moja ya mraba. Kwenye joto ngozi hujitengeneza upesi juu ya gundi. Iguseni kwa kidole: isiponata kidoleni, ikwangueni mkapake nyingine. Msiirudishie maji.

Wekeni kigae, kibonyezeni na kukisogeza kidogo kukata matuta, ili hewa itoke. Kisha fanyeni jaribio ambalo wengi hulisahau: ng'oeni kigae kimoja kati ya vile vya mwanzo, mtazame mgongo wake. Mahali pakavu angalau asilimia 80 ya mgongo iwe imeshika gundi. Bafuni asilimia 95. Ikiwa ni pungufu, badilisheni mwiko au pakeni na mgongo wa kigae pia.

Kubandika kwa matonge matano, manne pembeni na moja katikati, kumezoeleka kwa sababu ni haraka. Nyuma ya matonge hubaki mapango. Maji hukaa humo, na kigae kikigongwa na ndoo huvunjika pasipo na tonge.

Tumieni misalaba midogo ya plastiki kuacha nafasi ya milimita 2 au 3, na mkague kwa pimamaji kila safu mbili. Kwenye pembe za kuta, na pale ukuta unapokutana na sakafu au sinki, acheni nafasi bila kuijaza saruji.

7. KUJAZA VIUNGO

Acheni gundi saa 24, au muda ulioandikwa kwenye mfuko. Gundi ya ndoo huhitaji zaidi wakati wa mvua. Kisha jazeni viungo kwa saruji yake maalumu, mkipitisha mpira wa kujazia kwa mshazari ili usichimbue. Futeni kwa sponji iliyokamuliwa vizuri, si inayochuruzika. Pembe na kando ya sinki zijazwe silikoni, ambayo hunyumbuka ukuta unapocheza. Saruji mahali hapo hupasuka na kufungua mlango wa maji.

8. MAPAFU NA MIKONO YETU

Vigae vina silika. Vikikatwa vikavu kwa grenda hutoa vumbi jembamba lisiloonekana vizuri kwa macho, nalo huingia mpaka ndani ya mapafu na kuyafanya makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya, na humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Mwaka 1997 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaochunguza saratani waliiweka silika ya namna hii katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo kateni kwa mashine ya mkono inayochora na kuvunja, au kwa msumeno unaotiwa maji. Msifagie vumbi likiwa kavu. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii vumbi hili. Idaini barakoa ya kazi. Tusidhani kwamba hili ni dai la anasa. Huko Australia vyama vya wafanyakazi viliwapigania wakataji wa mawe ya kutengenezwa yenye silika nyingi, waliokuwa wakiugua wangali vijana, mpaka mawe hayo yakapigwa marufuku tangu tarehe 1 Julai 2024.

Gundi ya saruji huunguza ngozi na huweza kuleta upele usiopona. Vaeni glavu zisizopitisha maji, na mnawe mikono kwa maji safi kabla haijakauka. Na ukuta wa zamani ukiwa na mabamba msiyoyajua, msiyatoboe wala kuyakata mpaka ijulikane kama yana asbesto.

9. KABLA YA KUSHIKA MWIKO, KUBALIANENI

Fundi hulaumiwa kwa kigae kilichoanguka, lakini mara nyingi kosa lilianza kwa aliyenunua bodi nyembamba, au aliyekataa kununua praima, au aliyetaka bafu lifunguliwe kesho yake. Ndugu, andikeni kabla ya kazi: bodi ni ya unene gani, nani ananunua nini, na saa za kungoja gundi zinahesabiwaje. Anayelipwa kwa mita huonekana mvivu anapongoja, ingawa kungoja huko ni sehemu ya kazi. Msimamizi akiamuru hatua irukwe, andikeni amri hiyo, tarehe na jina, mbele ya mjumbe wa chama.

Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara ukatwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na mapatano ya chama na mwajiri, au na uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya msimamizi haimo katika orodha hiyo. Ulizeni katika tawi lenu kama nchi yenu imeuridhia mkataba huo, na sheria yenu inasema nini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katoni ya kilo 33 inatosha mita za mraba 1.44. Ongeza kilo 4 kwa kila mita. Je, vigae hivyo vinafaa kwenye bodi tupu? Na kwenye bodi yenye lipu ya jasi?

2. Kwa nini kigae kisilowekwe kabla ya kubandikwa kwenye bodi?

3. Nendeni pamoja kwenye bafu la wafanyakazi mahali penu. Gongeni vigae vya ukutani kwa sarafu. Sauti ya mtungi mtupu huonyesha kigae kisichoshika. Hesabuni ni vingapi, na muandike viko safu gani.

4. Matokeo hayo yapelekeni kwenye kamati ya usalama kazini. Nani atasema, na mtadai nini kwanza?

Atakayelielewa somo hili amfundishe mwenzake mmoja. Kazi njema.